Kipozeo Kilichovuja

Sajenti Adero alipofungua mlango wa chumba cha mahojiano, alimkuta Maximilla amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Kiti kilikuwepo, ila hakuna aliyemwambia akikalie.

"Inuka, mama. Kaa pale," Adero alisema, akavuta kiti chake mwenyewe.

Maximilla alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa upande wa Bungoma, ng'ambo ya mpaka. Kwa muda mrefu alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa Andrew Mafabi na mkewe Racheal, mtaa wa Namakwekwe, hapo Mbale, mashariki mwa Uganda. Mchana huo mtoto wao wa pekee, Olivia, msichana wa miaka minne, alianza kupepesuka kama mlevi. Alicheka ovyo, akaanguka, akatapika. Racheal aliupekua mfuko wa mfanyakazi wake, akatoa chupa ndogo ya waragi, pombe kali ya Uganda. Majirani walimburuta Maximilla kituoni huku mama akikimbilia hospitali na mtoto mgongoni.

Adero aliiweka chupa mezani.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu, afande."

"Unakunywa?"

"Sinywi. Hiyo ni ya goti. Nachanganya na majani, najipaka, nalala."

Adero aliiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa imejaa karibu hadi shingoni, na ndani yake yalielea majani yaliyokatwakatwa. Alifungua kizibo, akanusa. Uchungu wa yale majani ulimchoma puani kabla hata ya pombe.

"Nionyeshe goti."

Maximilla alipandisha pindo la gauni kidogo. Goti lilikuwa limevimba, na ngozi yake ilikuwa na madoa ya kijani yaliyokauka.

"Mtoto wa miaka minne hanywi kitu kichungu namna hii akanyamaza," Adero alisema, akafunga kizibo. "Leo alikula nini?"

"Asubuhi uji. Mchana matoke na karanga. Tulikula sahani moja, mimi na yeye."

"Na alipoanza kupepesuka ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya nyumba, nafua. Yeye alikuwa kwenye chumba cha kazi cha baba yake, anacheza. Baba yake alikuwa ametoka. Nilikuwa namwita, anaitika, nikajua yuko sawa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Afande, kunifunga mtanifunga tu, niko hapa. Lakini mwambieni daktari huyo mtoto hajaonja pombe. Asije akamtibu ugonjwa ambao hana."

Adero alimtazama. Katika kazi yake alikuwa amewasikia watu wengi wakijitetea kwenye kile kiti. Huyu alikuwa akimtetea mtu mwingine.

Simu ikalia. Alikuwa Daktari Jamiru, anayemhudumia Olivia.

"Sajenti, nimepima damu. Hakuna pombe. Hata tone."

"Basi ni nini?"

"Ningejua nisingekupigia. Anapumua kama mtu aliyekimbia mlima mzima, na damu yake imejaa asidi. Amekunywa kitu, ingawa midomo na koo ni safi. Viko vitu kadhaa vinavyoleta hali hii, na si vyote vina dawa moja. Nikikisia vibaya nitamuumiza. Nikichelewa, figo zitakwenda. Nitafutie hicho kitu, tafadhali."

Adero alisimama. Mlangoni alikuwepo Konstebo Sam, kijana mrefu aliyezoea kufuata taratibu.

"Mama huyu anatoka. Tunakwenda naye."

"Lakini afande, mama wa mtoto ameshaandikisha maelezo kwamba..."

"Maelezo yatabaki pale pale. Yeye anaijua ile nyumba kuliko mimi na wewe. Washa gari."

*

Nyumba ilikuwa wazi. Andrew Mafabi alikuwa jikoni akitoa vitu kabatini na kuvipanga sakafuni. Daktari alikuwa amemrudisha nyumbani kutafuta dawa na sumu zote zilizomo. Alipomwona Maximilla nyuma ya polisi, aligeuza macho.

"Vitu vya hatari vinakaa wapi humu?" Adero aliuliza.

Maximilla ndiye aliyejibu, akionyesha kwa kidole bila kugusa kitu. Mafuta ya taa yalikuwa juu ya kabati, na dumu lilikuwa na vumbi kwenye kifuniko. Dawa za malaria zilikuwa kwenye sanduku lenye kufuli, na kufuli lilikuwa limefungwa. Sam alitoka bafuni na chupa ya dawa ya kufulia yenye rangi ya bluu, uso umechangamka kama mtu aliyepata.

"Hii iko chini kabisa, afande. Mtoto anaifikia."

Adero aliinusa. "Hii ingemuunguza midomo. Daktari amesema midomo na koo ni safi." Akaizungusha chupa mkononi, akamrudishia. "Iweke pembeni. Nionyesheni alipokuwa anacheza."

Chumba cha kazi kilikuwa kidogo, na pazia lake lilikuwa zito. Hapo Andrew alihariri video za harusi na za imbalu, sherehe za tohara. Juu ya meza palikuwa na kompyuta kubwa ya mezani, ubavu mmoja umefunguliwa, skurubu zimekusanywa kwenye kisahani. Chini ya meza palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka mwanasesere wa kitambaa aliketishwa mbele ya vikombe vidogo vya plastiki na birika lake.

"Kwa nini imefunguliwa?" Adero alielekeza kidole kwenye kompyuta.

"Imekuwa ikizima yenyewe. Nikianza kuhariri, joto linapanda, inazima. Nilikuwa naangalia kama kipozeo kina shida. Halafu nikatoka kwenda kwa fundi mmoja mjini kuuliza."

"Kipozeo gani?"

Andrew alisogea. Kazi iliyompa kitu cha kueleza ilionekana kumtuliza kidogo. "Hiki. Si feni ya kawaida, ni kipozeo cha maji. Hii kama boksi dogo hapa katikati ni pampu, inakaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Maji yanachukua joto, yanapita kwenye huu mpira mpaka juu kwenye rejeta, feni zinayapoza, yanarudi kwa mpira huu mwingine. Kinatoka kiwandani kimefungwa, hakifunguliwi."

"Kama rejeta ya gari."

"Ile ile, ila ndogo."

Adero alipitisha kidole chenye glavu kwenye ukingo wa meza, chini ya kona ya kompyuta. Kiliteleza. Alisugua vidole viwili pamoja. Maji ya kawaida hayatelezi hivyo.

"Iwashe kidogo tu," alisema.

Andrew aliwasha. Pampu ilitoa sauti ya kugugumia, kama mtu anayesukutua. Kwenye kioo, namba ya joto ilianza kupanda bila kupumzika.

"Shika ile mipira miwili. Uniambie."

Andrew aliishika, akaukunja uso. "Mmoja unaunguza. Mwingine baridi kabisa. Maji hayazunguki."

"Yameisha?"

"Hayawezi kuisha. Nimekwambia kimefungwa."

"Zima, ukitoe. Nataka kukiona chote."

Alizima umeme na kukifungua haraka kwa bisibisi. Adero alikipokea, akakiinamisha huku na huku kando ya sikio. Ndani kulisikika maji yakikimbia kutoka ncha moja hadi nyingine, kama dumu lililobaki nusu. Akakipeleka dirishani. Kwenye ubavu wa rejeta palikuwa na skurubu ndogo, kichwa chake kimechubuliwa na bisibisi isiyolingana nacho. Kuizunguka, mtu alikuwa amepaka gundi kwa wingi, na gundi ilikuwa na ufa. Katika ule ufa palining'inia tone la kijani.

"Bwana Mafabi, umekifungua hiki wewe?"

"Sijawahi."

"Basi mtu amekifungua kabla yako na kukijaza. Kompyuta hii uliipata wapi?"

"Jinja. Kwa fundi anaitwa Tonny. Ilikuwa imetumika, lakini alisema ameikarabati yote."

Tone lilidondoka kwenye glavu ya Adero. Alipiga magoti, akatazama njia ambayo tone kama hilo lingepita: kona ya kompyuta, ukingo wa meza, hewani, hadi kwenye mkeka. Pale ambapo lingetua palikuwa na birika dogo la plastiki. Halikuwa na kifuniko. Kifuniko kilikuwa kimewekwa kando vizuri, kama mtu anavyofanya anapokinga.

"Sam," Adero alisema bila kuinuka, "lile duka la jumla pale barabarani. Wana taa ya kukagulia noti bandia?"

"Wanayo, afande. Ile ya mwanga wa zambarau."

"Niletee."

Sam hakurudi peke yake. Mwenye duka alikuja naye, taa mkononi na aproni bado kiunoni. Alikuwa Gordon Makokha, mfanyabiashara Mkenya aliyeuza vinywaji na sukari kwa jumla, na ambaye Olivia alimzoea kwa sababu ya peremende.

"Nimesikia ni kwa ajili ya mtoto," alisema tu.

Walivuta pazia na kufunga mlango. Adero aliwasha taa. Ukingo wa meza uling'aa kwa mstari wa manjano-kijani. Mkeka uling'aa kwa madoa. Birika liling'aa mdomoni, na vikombe viwili viling'aa hadi ukingoni. Kisha Maximilla, bila kuambiwa, alikwenda kwenye beseni la nguo, akaleta blauzi ndogo aliyokuwa amevaa Olivia alipotapika. Aliinyoosha chini ya mwanga. Kifua chote kiliwaka.

"Alikuwa ananiita nije tunywe chai," Maximilla alisema polepole. "Mimi nikamwambia kunywa kwanza, nakuja, namaliza kufua."

Andrew alimshika bega. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa au kumtazama tangu aingie.

*

"Inang'aa," Adero alimwambia daktari kwenye simu. "Ni majimaji ya kijani, yanateleza. Nadhani ni kulanti ya gari, ile ya kupozea injini. Mtoto ameikinga kwenye birika la mchezo, akanywa."

"Kulanti ni tamu, watoto wanaipenda," Daktari Jamiru alisema. "Lakini si kila kinachong'aa ni kulanti. Na kulanti zenyewe ziko za aina mbili. Moja haina shida kubwa, nyingine ni sumu kali. Niletee jina lililoandikwa kwenye dumu."

Adero alipiga namba nyingine. Huko Jinja, Inspekta Opio, aliyewahi kufanya naye kazi, alikuwa akitoka ofisini.

"Afande, namhitaji fundi mmoja wa kompyuta, Tonny. Bwana Mafabi atakuelekeza kibanda chake. Ukifika, usimtishe. Nipe tu nizungumze naye."

Walisubiri wakiwa wamesimama. Makokha alikuwa na rozari mfukoni. Walisikia shanga zake zikigongana. Simu ilipolia, Adero aliiweka sauti kubwa.

"Tonny, mimi ni Sajenti Adero, Mbale. Kompyuta uliyomuuzia Andrew Mafabi, kile kipozeo chake ulikijaza nini?"

"Mimi? Hapana, afande. Hiyo haijazwi. Iko vile imetoka kampuni."

"Skurubu imechubuliwa, Tonny. Iko gundi."

"Basi niliongeza maji. Ile maji ya betri, safi."

"Maji ya betri hayana rangi. Hii ni kijani."

Kwenye simu ilisikika pikipiki ikipita.

"Sikiliza, ndugu yangu," Adero alisema, na sauti yake haikuwa ya kituoni. "Sijauliza ili nikukamate. Mtoto wa Mafabi amekunywa hiyo kitu. Ana miaka minne. Yuko kitandani, daktari ameshika dawa, anangoja neno moja kutoka kwako. Ulijaza nini?"

Walimsikia Tonny akivuta pumzi. "Mungu wangu. Afande, ile ya gari. Rejeta ni rejeta, nikafikiri iko sawa tu. Ngoja. Dumu bado iko hapa, ngoja!" Vitu vilianguka. "Imeandikwa... i, ti, eichi..."

Opio alimpokonya dumu, akasoma mwenyewe, silabi kwa silabi: "Ethilini glikoli."

Adero alimrudia daktari na maneno hayo mawili. Jibu lilikuja papo hapo.

"Hiyo ndiyo yenyewe mbaya. Sawa. Sawa, Sajenti, asante. Sasa tunajua. Iko dawa maalumu lakini hatuna hapa. Tutatumia pombe."

"Pombe?" Andrew alisema kwa sauti. "Kwa mtoto?"

"Pombe kali safi, ya kunywa, kwenye chupa ambayo haijafunguliwa. Nitaipima kwa matone, nitaichanganya, na kuipitisha kwenye mrija. Mwili ukishughulika na pombe, unaiacha ile sumu ipite bila kugeuka asidi. Kuna mtu hapo anaweza..."

Makokha alikuwa ameshatoka. Walimwona dirishani akikimbia kuelekea dukani kwake, aproni ikipeperuka.

Maximilla aliketi kwenye mkeka, akaficha uso kwenye ile blauzi. Alikuwa akilia, au akicheka, au vyote. "Nimekamatwa kwa pombe," alisema, "na pombe ndiyo wanamwendea nayo."

"Twende," Adero alimwambia. "Huendi kituoni. Unakwenda hospitali."

*

Kesho yake asubuhi Adero alishuka Jinja. Opio alimpokea mbele ya kibanda cha Tonny. Fundi alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, na macho yake yalionyesha hakuwa amelala. Alinyoosha mikono kabla hajaombwa.

"Mtoto yuko vipi, afande?"

"Anapumua vizuri zaidi. Figo bado hatujui." Adero hakutoa pingu. "Wangapi wengine uliwajazia?"

"Wawili tu. Mmoja nimemwendea jana hiyo hiyo na Inspekta, tumeitoa. Mwingine hashiki simu. Anakaa Wanyange, hapa karibu."

Waliondoka watatu pamoja, na dumu la kulanti likiwa ndani ya mfuko wa ushahidi. Nyumba ya Wanyange ilikuwa ya Topista, askari magereza, ambaye alitumia kompyuta kutengenezea nyimbo za kwaya ya kanisa lake. Alifungua mlango akiwa bado na sare, akawatazama polisi wawili na fundi wake bila kuelewa.

"Tunaomba tuione kompyuta yako," Adero alisema.

Ilikuwa sakafuni, kando ya meza. Mbele yake mtoto mchanga alikuwa akitambaa, akiufuata mwanga mwekundu wa kitufe. Topista alimnyakua kwa mazoea. "Huyu anaipenda sana hii kitu. Kila saa yuko hapo."

Tonny alipiga magoti, akafungua ubavu. Adero alimulika kwa taa ya Makokha, aliyokuja nayo. Mipira ilikuwa mikavu. Rejeta ilikuwa kavu. Kwenye skurubu tu, gundi ilikuwa imeanza kuvimba, na pembeni yake palikuwa na unyevu uliong'aa, mdogo kuliko punje ya mtama.

Adero alimweleza Topista yote, tangu mwanzo. Mwanamke yule alisikiliza akiwa amemkumbatia mtoto wake, mashavu yamegusana. Adero alipomaliza, Topista aliushika mkono wake kwa mkono uliokuwa huru, akauzuia.

"Hamkuwa na haja ya kuja mpaka huku," alisema. "Mngeweza kungoja nishike simu."

"Tusingeweza," Opio alisema.

Tonny alibeba kipozeo nje, akakiweka kwenye gari. Pale pale, juu ya boneti, aliandikisha maelezo yake na kutia sahihi bila kubishana hata neno. Angefikishwa mahakamani, na alijua. Aliomba kitu kimoja tu: mtoto wa Mbale akipona, mtu amwambie.

*

Adero alirudi Mbale alasiri. Alipita moja kwa moja hospitali. Kwenye korido ya wadi ya watoto walikuwa wamekaa kwenye benchi moja: Andrew, Maximilla, Makokha. Racheal alikuwa amesimama peke yake upande wa pili. Alikuwa mwanamke mwembamba, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimelegea. Tangu jana alikuwa amepishana na Maximilla mlangoni mara nyingi bila kumsalimu.

"Vipi?" Adero alimnong'oneza Andrew.

"Ameamka. Anaongea. Lakini daktari anataka akojoe. Tangu usiku hajakojoa. Anasema ndipo tutajua kama figo zimepona."

Walingoja. Makokha hakuzitoa shanga zake mfukoni, lakini midomo ilikuwa ikicheza. Muuguzi aliingia, akatoka, akaingia tena. Kisha mlango ulifunguliwa kwa kishindo, na Daktari Jamiru mwenyewe akatoka ameshika chombo cha plastiki chenye alama za vipimo. Alikiinua juu ili wote wakione.

"Amekojoa!" alisema. "Tazameni. Mwingi, tena safi!"

Makokha alipiga kofi moja kubwa lililowashtua wagonjwa wa wadi ya jirani. Andrew aliinama, akashika kichwa, mabega yakitikisika. Watu wasiowajua, waliokuwa wakingoja wagonjwa wao, walianza kushangilia na kupiga vigelegele kwa ajili ya mkojo wa mtoto wasiyemjua.

Racheal alivuka korido. Alisimama mbele ya Maximilla, kisha akapiga magoti yote mawili sakafuni, mbele za watu, kama anavyopiga magoti mke mbele ya wazazi wa mumewe.

"Wanyala, mayi," alisema, akimshukuru kama mama kwa lugha ya kwao, ambayo Maximilla, kwa kuwa Kibukusu chake kiko karibu nayo, aliielewa bila kutafsiriwa. "Wanyala. Niliwaacha wakuburute. Ungeweza kukaa kimya, ukaniacha nimtibu mwanangu ugonjwa wa uongo. Hukunyamaza. Nisamehe, na asante."

"Mama Olivia, inuka. Watu wanatazama."

"Watazame."

Maximilla alimshika kwapani, akamnyanyua. Walisimama hivyo, kila mmoja ameshika mikono ya mwenzake. "Mimi nilifikiri tutamkosa," Maximilla alisema. "Hayo mengine hayajaniuma sana. Yameniuma, lakini si kama hilo."

Daktari aliwaruhusu kuingia. Adero alibaki koridoni, akitafuta kalamu ya kuandika kwamba mtuhumiwa ameachiliwa bila mashtaka. Hakuwa ameipata bado pale Maximilla alipochungulia mlangoni.

"Afande, na wewe njoo."

"Mimi ni wa kazi tu, mama. Kaeni naye ninyi."

"Njoo akuone."

Adero aliingia. Olivia alikuwa ameegemea mto, mrija mwembamba umebandikwa shavuni, macho mazito lakini yanayotazama. Alimkagua mgeni kuanzia viatu hadi nywele, kwa utulivu wa mtu ambaye hana haraka.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Andrew alimtazama Racheal, na Racheal akamtazama Maximilla. Maximilla alikaa ukingoni mwa kitanda, akaishika ile miguu midogo juu ya shuka.

"Ni mtu wetu," alisema.